Inua Mguu, Mama

Katika nyumba ya Bi Pindo hakuna kitu kilichoruhusiwa kukaa uchi. Redio ilikuwa na joho lake, friji ilivaa kilemba, na mtungi wa gesi ulikuwa na sketi ya marinda ambayo wasichana wa mtaani wangeiazima kama isingekuwa na umbo la mtungi. Wajukuu wake, mapacha, walimuuliza siku moja kwa nini kuku hajashonewa kitu, akawajibu kwamba kuku alikuja na vazi lake. Kazi hiyo ya kushona ndiyo iliyompa jina, na tusimnyime mtu haki yake, mapindo yake yalikuwa mazuri kwelikweli. Nguo ingechakaa, pindo lingebaki.

Gari nalo halikusalimika. Lilikuwa gari kubwa la familia, la viti saba, aliloachiwa na marehemu mumewe. Viti vyote vilivalishwa, usukani ukavishwa soksi, na miguuni pa dereva akatandika kapeti alilolishona kwa mkono wake. Hilo halikuwa pambo tu. Marehemu alikuwa mrefu wa kuinamia milango, mkewe ni mfupi wa kupanda kigoda, na hata kiti kikivutwa mbele mpaka kigome, kisigino cha Bi Pindo kilikuwa kinaning'inia hewani. Akatia sponji chini ya kitambaa kizito, kisigino kikapata pa kukaa, na mama wa watu akaendesha kwa raha zake.

Raha hiyo msiichezee. Alijifunza gari akiwa tayari ni bibi, wakati wenzake wanajifunza kulalamika magoti. Mumewe alipoona afya inamtupa mkono alimketisha nyuma ya usukani, akamwambia ajifunze sasa, angali na mwalimu asiyelipwa. Aligonga madebe, akagonga madebe, mwisho madebe yakapona. Baada ya mazishi, watu walitarajia kumkuta amekaa sebuleni akisubiri kupelekwa huku na huku. Wakamkuta barabarani. Asubuhi aliwapeleka mapacha shule, akapita sokoni kutafuta vitambaa, akarudi kwenye cherehani yake. Kama hujui utamu wake, muulize mtu aliyewahi kukaa na mkoba mapajani kutwa nzima akingoja kijana aliyesema anakuja sasa hivi.

Sasa, gari hilo lilianza vituko kwenye mwinuko wa kuelekea nyumbani. Bi Pindo alikanyaga mafuta mpaka chini ili apande vizuri, alipofika juu akainua mguu, na injini ikaendelea kunguruma kana kwamba haijaambiwa kitu. Akaipiga pedali teke la hasira, ikaruka juu, gari likatulia. Moyo wake ulichelewa kutulia. Kesho yake alilipeleka kwa fundi.

Fundi mwenyewe alikuwa yule aliyeitwa Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilomwambia kila mteja na kila nati. Alikuwa na mikono mizuri na karakana mbaya. Sakafu yake ilikuwa nyeusi ya oili ya miaka yote, ukisimama vibaya unatembea bila kunyanyua mguu. Alifungua boneti, akavua bomba la hewa, akamwonyesha Bi Pindo kilango kidogo cha duara kinachofunguka dereva akikanyaga mafuta na kujifunga akiachia. Kingo zake zilikuwa zimeganda masizi mazito. Fundi akakisugua kwa brashi na dawa mpaka kikang'aa, akauvuta waya wa pedali ya mafuta mara kadhaa, kilango kikawa kinafunguka na kujifunga bila ubishi. Akalizungusha gari mtaani mwenyewe. Halikuwa na neno.

Kumbe bado. Siku chache baadaye, mwinuko uleule, ngurumo ileile. Safari ya pili fundi alibadilisha waya wote na springi ya kukirudisha kilango, akaliendesha tena, akasema mama, hili sasa ni zima. Nalo lilikuwa zima, ndani ya karakana yake. Lilipofika nyumbani likaugua upya. Hapo Bi Pindo akaanza kulichukia, akawa analiongelesha njia nzima kama mke mwenza.

Kisha ikaja siku ya lango. Walikuwa wanatoka matembezini, mapacha nyuma, mwanawe wa kwanza, baba wa mapacha, amekaa mbele pembeni yake. Mbele ya lango lao palikuwa na kijilima kinachopanda ghafla, kwa hiyo ilibidi kukanyaga. Alikanyaga. Lango lilikuwa wazi, gari likaingia uani na halikutaka kusimama.

"Mama, inua mguu!" mwanawe akapiga kelele.

"Nimeinua," akasema.

Gari likapanda juu ya vyungu vya maua, likakwaruza ukuta wa jikoni, ndipo alipofanikiwa kutoa gia na kuzima. Pacha mmoja akaangua kilio. Mwenzake akauliza kama watarudia. Mwanawe alishuka, akawatoa watoto, kisha akazunguka upande wa dereva, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni mwake. Akamwambia mama yake, kwa upole unaouma kuliko tusi, kwamba wakati wa kupumzika umefika.

Hakuwa mtoto mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa ameogopa, na mwoga hukimbilia jibu lililo karibu. Juma zima aliliendesha gari yeye, kwenda kazini na kurudi, akipanda mwinuko uleule. Alikuwa amepanga kulikamata likifanya ukaidi. Halikufanya. Akaja kumwambia mama yake kwamba gari halina kitu kabisa.

"Kwa hiyo ni mimi," Bi Pindo akasema.

Mwanawe akawa anachezea kilemba cha friji. Hilo lilikuwa jibu tosha, na Bi Pindo akalipokea likamkaa kifuani.

Siku zilizofuata ndizo zilikuwa mbaya. Alikaa kwenye cherehani, akakanyaga, akaacha, kisha akainama chini ya meza kuangalia kama mguu umeinuka kweli. Umeinuka. Akashona kidogo, akainama tena. Mtu akikuambia mara moja kwamba umezeeka utamcheka, lakini mguu wako mwenyewe ukikushtaki utamwita shahidi gani? Fundi aliliendesha halina kitu, mwana ameliendesha halina kitu, akiliendesha yeye linataka kuua watoto. Kesi hiyo hata hakimu aliyesinzia angeimaliza. Usiku alimuota mumewe akiwa amekaa kiti cha nyuma, hasemi.

Mkwe wake ndiye aliyemwokoa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini mumewe aliyaogopa. Alisema gari lipelekwe kwa fundi safari moja zaidi, na mama aende nalo, aeleze kwa kinywa chake. Mwanawe akakubali kwa sharti: fundi asipoona kitu, gari linauzwa. Tayari kulikuwa na mwenzake wa kazini aliyekuja kulizunguka na kulipiga mateke magurudumu, kana kwamba gari husema kweli likipigwa. Bi Pindo alikubali sharti hilo.

Asubuhi ya safari aliamka mapema, akafanya kama alivyofanya safari zile mbili. Alivua vitambaa vya viti vya mbele, akaondoa soksi ya usukani, akalikunja kapeti lake, akavitia vyote kwenye mfuko na kuuweka kwenye buti. Karakana ile na grisi yake asingeipelekea kazi ya mkono wake. Mwanawe akaendesha, akamfikisha, akamwachia fundi ufunguo, akasema atarudi saa ya chakula, akaenda zake kazini kwa miguu.

Fundi Taratibu alisikiliza hadithi ya lango mpaka mwisho bila kumkatiza, akikuna kidevu na kukiacha cheusi. Hakufungua boneti. Alisema safari hii hataki kuliona gari, anataka kumwona mama akiliendesha. Akaingia kiti cha pembeni, akafunga mkanda, na Bi Pindo, ambaye hakuwa ameshika usukani tangu siku ile, akalitoa gari nje polepole.

Walizunguka mtaa. Halikuwa na neno. Wakapanda mwinuko, fundi akamwambia akanyage mpaka chini, akakanyaga, akainua, injini ikashuka sauti kwa adabu. Machozi yakamlenga Bi Pindo. Alitaka sana gari lile likose. Hebu fikiri, mtu anaomba gari lake liharibike mbele ya fundi, nalo linajifanya malaika.

Fundi alikuwa haangalii barabara wala saa za dashibodi. Alikuwa anaangalia miguu.

"Mama, siku zote unakanyaga kwa ncha ya kidole hivyo?"

Bi Pindo akamjibu, kwa ukali kidogo, kwamba hapana, yeye si mcheza ngoma. Leo kisigino hakina pa kukaa kwa sababu kapeti lake halipo.

"Kapeti gani?"

Akamweleza. Fundi akauliza liko wapi, akaambiwa liko kwenye buti. Akauliza kwa nini liko kwenye buti. Bi Pindo alisita, maana si vizuri kumwambia mtu uso kwa uso kwamba karakana yake ni chafu, kisha akamwambia. Fundi hakukasirika. Aliuliza tu kama na safari zile mbili lilikuwa limetolewa.

"Lazima."

"Na mwanao akiendesha?"

Mwanawe, Bi Pindo akakumbuka, alikuwa na miguu ya baba yake. Siku zote akiingia alirudisha kiti nyuma, akalishika kapeti kwa vidole viwili na kulitupa kiti cha nyuma, akisema linambana. Alipokuwa anasimulia hayo sauti yake ikawa inapungua.

Walirudi karakana. Fundi akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, jambo ambalo hakuwahi kuonekana akilifanya, kisha akamwomba alivalishe gari kama linavyovaa kila siku. Bi Pindo akatandika kapeti. Injini imezimwa, fundi akainama, akaisukuma pedali kwa mkono mpaka chini, akaachia. Pedali ikabaki palepale. Ukingo wa kapeti ulikuwa umesogea mbele, umepanda juu ya pedali na kuikumbatia. Lilikuwa pindo lake mwenyewe, nene, limenyooka, lisilofumuka.

"Hili ulilishona lini, mama?"

Si zamani. La kwanza lilikuwa limebonyea, akashona la pili lenye sponji zaidi. Na gari lilianza vituko lini? Bi Pindo akahesabu siku, zikalingana. Akakaa kwenye kiti cha gari lililochinjwa liuzwe vipuri, kilichokuwa hapo karakana kwa ajili ya wateja, akasahau hata kuangalia kama kina grisi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Bi Pindo alikuwa ameyasikia maneno hayo tangu utotoni bila kudhani kwamba siku moja angeishona nguo yenyewe.

Kwanza alicheka. Mguu wake ulikuwa mzima! Kisha kicheko kikakatika, akaona aibu inakuja kama mvua inayoonekana kutoka mbali. Gari halikuwa na kosa. Fundi hakuwa na kosa. Angemwambia nini mwanawe? Kwamba nusura awaue wajukuu kwa sababu ya pindo? Si ndipo angesema, unaona mama, ni wewe tu?

Fundi alimsoma. Akavuta debe, akakaa mbele yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye naye ana lawama, alitibu mara mbili bila kumuuliza mgonjwa anavaaje. Kisha akatupa neno, taratibu kama kawaida yake. Akitaka, mwanawe ataambiwa ilikuwa springi. Ilikuwa mbovu, imebadilishwa, yamekwisha. Kapeti litupwe, ufunguo urudi, nani atajua?

Bi Pindo alilifikiria neno hilo, tusidanganyane. Lilikuwa jepesi na lilikuwa karibu. Aliuona ufunguo mkononi mwake, akajiona asubuhi na mapacha nyuma wakigombea dirisha. Akaona pia kila siku atakayopanda mwinuko ule, mwanawe pembeni akiusikiliza mguu wake kimyakimya, akingoja springi nyingine.

"Hapana, fundi," akasema. "Ukimwambia springi, ataamini springi. Mimi nataka aniamini mimi."

Mwanawe alifika saa ya chakula akiwa na haraka ya watu wa ofisini. Akauliza kama kimeonekana kitu. Mama yake hakumweleza. Alimwomba aketi kwenye kiti cha dereva, vivi hivi, asirudishe kiti, asitoe kapeti. Kijana akajikunja akaingia, magoti yakagusa usukani, akalalamika, akaambiwa avumilie, mama yake alimbeba tumboni hakulalamika. Fundi alikuwa ameshakaza breki ya mkono na kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Gia haikuingizwa. Kijana akawasha.

"Kanyaga mpaka chini," Bi Pindo akamwambia.

Akakanyaga. Injini ikanguruma, mabati ya karakana yakatetemeka, spana zikalia kwenye trei.

"Inua mguu, baba."

Ngurumo ikaendelea. Kijana alikuwa ameukunja mguu mpaka kwenye kiti, uso umembadilika rangi, macho yanaitazama pedali ambayo hakuna aliyeikanyaga.

"Inua mguu," mama yake akarudia, bila kupandisha sauti.

"Nimeinua, mama."

Fundi akapitisha mkono dirishani, akazima. Kisha akageuka, akajifanya anatafuta kitu. Kijana alibaki na mguu wake hewani, anautazama kama mali ya mtu mwingine. Alikuwa amelisikia neno lake mwenyewe, na alijua ni wapi alikolisikia kwanza.

"Siku ile uliniambia," akasema.

"Nilikuambia."

Alishuka kwa shida, akamshika mama yake mabega, na kwa kuwa alikuwa mrefu kama baba yake ilibidi ainame sana ili aombe radhi vizuri. Bi Pindo naye akakiri lake, kwamba kapeti ni kazi yake, na kwamba yeye ndiye aliyelificha mbele ya fundi kama mgonjwa anayemficha daktari kidonda. Mwana akasema kidonda hicho hata yeye alikitupa kiti cha nyuma juma zima, asijiulize kinafanya nini hapo mbele. Akachomoa ufunguo garini, akampa kwa mikono miwili.

Kilichobaki kilikuwa kazi, na kazi Bi Pindo aliijua. Alitoa mkasi mkobani, maana hakuwahi kutoka bila mkasi, akapiga magoti kwenye sakafu ile nyeusi bila kuitazama, akachora kwa chaki mahali pedali inapofika. Akakata mviringo mpana kama anavyokata kwapa la gauni, sponji ikatoka, pindo likatoka. Mkono ulimwuma kidogo kulikata, lilikuwa limenyooka sana. Fundi akafunga kwa bolti kipande cha ubao sakafuni, nyuma kabisa ya pedali, kisigino kikalie kitu kisichotembea, kisha akatoboa kapeti na kulinasa kwa kulabu lisiweze kusogea mbele. Wakaijaribu pedali kwa mkono, kwa mguu wa fundi, kwa mguu wa kijana. Kila mara iliruka juu yenyewe. Fundi akatoa amri moja: tangu leo gari hili lije kwake likiwa limevaa. Bi Pindo akamjibu kwamba litakuja, na yeye atakuja na pazia la kutandika chini, maana sakafu hii ni aibu. Fundi akasema taratibu, mama.

Kurudi nyumbani aliendesha yeye. Hakuongea na gari wala gari halikuongea naye. Walipofika kwenye mwinuko alikaza midomo, akakanyaga mpaka chini, gari likapanda kwa nguvu zote za viti vyake saba, na watu wawili tu ndani. Juu kabisa akainua mguu. Injini ikashusha sauti papo hapo, ikawa inaunguruma kidogokidogo kama paka aliyeshiba.

Akapumua. Ndipo alipomwona mwanawe. Alikuwa amejibana kwenye kiti, anatazama mbele, mguu wake wa kulia umekandamiza sakafu kwa nguvu zote, pale ambapo hapana pedali yoyote.

"Inua mguu, baba," Bi Pindo akamwambia. "Gari ninalo mimi."

Mwanawe akauangalia mguu wake, akacheka mpaka akafuta macho, kisha akauinua.